Orpha na Miti ya Vinkubala

Kila msimu wa mvua, Orpha hupanda pikipiki kutoka soko la Kikula hadi pori la nyuma ya Buluo kununua vinkubala, viwavi vinavyokaushwa na kuliwa pamoja na bukari, ugali wa huko. Kwa biashara hiyo amesomesha watoto wake wote.

Mwaka juzi alikuta mteremko mzima ni visiki. Mitondo, miti ambayo viwavi hula majani yake, ilikuwa imeangushwa. Tanuru la makala, yaani mkaa wa kupikia, lilifuka moshi, na aliyesimama kando yake na sepetu alikuwa Godefroid, mdogo wa mume wake, aliyeachishwa kazi kiwandani.

"Godefroid! Ni weye uliua pori hii?"

"Shemeji, niko na batoto tano. Kiwanda ilitufukuza. Bakule nini?" Hakukasirika. "Na weye, kwako unapikia nini?"

 Nyaya za umeme zilipita juu ya paa la Orpha zikielekea migodini, lakini taa yake iliwaka ikitaka. Alipikia makala kama jirani zake wote, na gunia la mwisho alilinunua kwa Godefroid huyo huyo.

Alirudi na hasira, na aibu zaidi kuliko hasira. Kesho yake akawafuata wauza makala sokoni. Stéphanie, mkubwa wao, akacheka.

"Mama Orpha, unataka tupikie majani?"

"Hapana. Benye kuchoma makala bakate. Lakini mutondo baache, na miti ingine bakate juu ya goti, iote tena. Makala ya mutondo, tuikatae sisi wote."

Alirudia maneno hayo meza kwa meza, mpaka Stéphanie akachoka kubisha na wauzaji wote wakakubali. Kisha Godefroid akafika akisukuma baiskeli yenye magunia.

"Iko mutondo?" Orpha akauliza.

"Nusu."

"Rudisha."

"Hata ya kwangu, shemeji?"

"Ya kwako ndiyo ya kwanza."

Aliondoka bila kuaga, na kwa miezi mingi hakukanyaga kwa kaka yake. Lakini magunia yake yaliyofuata hayakuwa na mutondo.

Mwaka huu visiki vimechipua, na kwenye mitondo iliyobaki Orpha amepata nusu beseni ya vinkubala. Lakini ng'ambo ya mto unaopakana na pori, malori ya wageni yanakuja kupakia magogo. Yeye na Godefroid wamekwenda pamoja kwa chifu kuomba njia ya malori hayo ifungwe. Chifu amesema hana muda, warudi Jumatatu.

Watarudi, na Stéphanie amesema naye atakuja.