Maswali Niliyomuuliza Baba

Swali la nne ndilo lililoniharibia kazi: mkuu wa nchi ni nani, na kabla yake alikuwa nani? Nililikuta katika karatasi za chuo kikuu, za kupimia kumbukumbu za wazee, nikalibeba hivyo hivyo mpaka kwetu Kindu, mjinga mwenye diploma. Utafiti wangu ulihusu hofu na ubongo unaozeeka. Nilitaka kuonyesha kwamba mtu akiishi na wasiwasi miaka mingi, ile sehemu ya ubongo inayotunza mambo mapya huchakaa kabla ya wakati wake.

Wazee walikuja sebuleni kwetu baada ya swala ya adhuhuri. Bibi mmoja, muuza mchele, alinitajia wapishi wote wa harusi yake, hadi yule aliyeunguza wali. Tulipofika swali la nne alitazama dirishani, akakaza kitenge chake, akasema, "Sikumbuke, mama." Akaja mzee aliyefanya kazi relini, naye hakumbuki. Wa tatu hakumbuki. Picha ya mkuu mwenyewe ilikuwa ukutani, juu ya kichwa changu, nami niliandika sifuri baada ya sifuri nikidhani nimegundua mji mzima wenye maradhi.

Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa mlangoni akichambua sombe, majani ya muhogo. Alinicheka mpaka akafuta machozi.

"Weye, ulisoma wapi? Unauliza muntu mukubwa wa inchi ni nani, halafu unaandika! Hapa mwenye kukumbuka njo anafungwa."

Akanirudisha kwenye habari ya baba. Baba alikuwa fundi cherehani. Nilipokuwa mdogo watu wa usalama walimchukua siku tatu, wakitaka kujua nani alisema nini barazani pake. Alijibu "sikumbuke" mpaka wakamchoka. Aliporudi hakutusimulia chochote, na tangu siku hiyo jibu lake lilikuwa hilo, hata ukimuuliza amekula nini.

Nilifuta sifuri zote. Nilifurahi kupita kiasi, Mungu anisamehe, kwa sababu sasa nilikuwa na wazo langu mwenyewe: wazee hawa hawasahau, wanaogopa. Basi shangazi aliponiambia kwamba baba ameswali alasiri mara tatu, nikasema ni hofu. Aliposhona mikono miwili ya shati upande mmoja, nikasema ni hofu, mteja alimtisha. Siku aliyouliza mama amekwenda wapi, na mama tulishamzika, shangazi alilia mbele yangu.

"Kaka yangu anaenda. Bakia naye, mama. Bakia naye angali anakujua."

Nilimjibu kwa ukali kwamba mambo ya ubongo nayajua kuliko yeye. Mganga hajigangi, husemwa. Mimi hata baba yangu sikumtazama. Nilipanda lori kwenda machimbo ya Kampene kuwapima wachimbaji wazee, safari hii bila swali la nne. Nilikaa huko karibu mwaka mzima, nikiona fahari kwa daftari lililojaa.

Niliporudi nilimkuta barazani, shangazi amemnyoa vizuri. Daftari lilikuwa mkononi mwangu. Baba alinyanyuka haraka, akaunganisha viganja. Maisha yangu yote alikuwa akiniita mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. Siku hiyo aliniita kwa lile neno la Kifaransa, raia, ambalo chama tawala kilituamuru sote tuitane kwalo.

"Bonjour, sitwayeni."

"Baba, ni mimi."

"Sikumbuke kitu, sitwayeni. Andika vile tu."

Nilitupa daftari chini, nikamshika mkono. Nilikuwa nimesema ni hofu, na kweli hofu ilikuwapo, lakini maradhi nayo yalikuwapo, na miezi ambayo bado angenitambua nilikuwa nimewapa watu wengine. Dawa sikuwa nayo, hata ya uongo. Nililia bila kujificha.

Baba aliona machozi, akafikiri amepata mtu mwenye huruma. Alinisogelea, akashusha sauti.

"Niko na mutoto mumoja, mwanamuke. Iko ku masomo, mbali. Munifunge miye. Lakini tafazali, sitwayeni, musiende kumuuliza yeye. Hajue kitu."

Nilimwahidi kwamba hakuna atakayemuuliza.