Salamu ya Baba Kwenye Kompyuta ya Parokia

Jirani yetu mama Masunga anaapa mpaka leo kwamba marehemu baba yangu alimsalimia.

Mchana kweupe. Hapa hapa Bariadi.

Anasema alikuwa anapita nyuma ya ofisi ya parokia, ndoo ya maji kichwani, akasikia dirishani: "Mwangaluka." Sauti ya mzee Luhende kabisa, na kile kikohozi chake. Halafu akasikia mwanamke anaitikia.

"Ndoo niliiachia pale pale," anasimulia. "Mtu tumemzika mwaka jana, leo anatupa salamu za asubuhi?"

Habari ikazagaa mtaa mzima. Wengine wakasema mzee hajapumzika. Wengine wakasema kuna kitu hatukumfanyia.

Mimi nilikuwa ndani ya ile ofisi, napiga deki.

Aliyeitikia ni mama yangu.

Iko hivi. Baba alikuwa mwalimu wa kwaya. Kuna siku Apolonia, katibu wa parokia, alirekodi mazoezi kwenye kompyuta ya ofisi, lile dude la zamani linalounguruma kama mashine ya kusaga. Ndiyo sauti pekee ya baba iliyobaki duniani. Simu yake ilikuwa kitochi, cha kupiga na kupokea tu. Yangu pia.

Kila Ijumaa nikienda kusafisha, mama alinifuata. Apolonia anambonyezea, kisha anatoka nje kutuachia nafasi.

Baba anakohoa. "Mwangaluka, wanakwaya."

"Mwangaluka, baba Generoza." Mama amekaa wima, kanga ameiweka vizuri.

"Sauti ya nne, mbona leo mnaimba kama hamjala?"

Mama anacheka. Utani ule ule, kila Ijumaa anacheka upya.

Ndipo akaja fundi kutoka Mwanza, anaitwa Fredrick.

"Dada, hizi mashine ni za kitambo," akaniambia. "Mfumo uliomo hauletewi tena apdeti, virusi vinaingia kama kwao. Nazifuta zote, naweka mfumo mpya. Vya muhimu naviweka pembeni kwanza."

"Na sauti ya baba?"

"Ondoa shaka. Naitoa ya kwanza, nakuwekea kwenye memori kadi. Kesho uje uichukue."

Usiku ule nililala vizuri. Na jamaa hakuwa tapeli.

Kesho yake nimefika, dude liko kimya, haliungurumi. Kwenye kioo kuna picha ya milima nisiyoijua. Apolonia akajifanya anapanga makaratasi.

"Kadi yangu?"

Fredrick akavua kofia. "Kwani mama hajakwambia?"

"Kaniambia nini?"

"Alikuja mapema, sijafuta bado. Nikamwambia sauti nimeshaitoa. Akasema mzee asihamishiwe huko kwenye mfumo mpya. Nikamuuliza, mama, una uhakika? Akasema futa, mzee amechoka kuitwa. Hata kwenye kadi alinisimamia mpaka nikafuta. Dada, mimi ningembishiaje mwenye mume wake?"

"Irudishe."

"Nimehangaika nayo tangu ameondoka. Haipo."

Nyumbani nikamkuta mama anapeta dengu.

"Mama, kwa nini?"

"Si umesikia wanavyosema? Baba yako hajapumzika." Akapuliza makapi. "Nimewaza sana. Ni mimi niliyekuwa namwita kila Ijumaa. Na baba yako unamjua, akiitwa hawezi kukaa kimya."

"Mama, ile ni mashine tu."

"Najua ni mashine. Ila niliyekuwa namwitikia si mashine."

Nikachukua ungo mwingine.

Wewe unayesoma hapa, ukisikia jambo la ajabu dirishani kwa watu, gonga mlango kwanza. Usikimbilie kwenda kulisimulia. Mama Masunga angegonga siku ile, ningemfungulia, angevuta kiti, tungecheka wote ile sauti ya nne isiyokula. Na baba angekuwepo mpaka leo, Ijumaa kwa Ijumaa.

Nilidhani mama hatakanyaga tena pale ofisini.

Ijumaa iliyofuata akanifuata kama kawaida. Apolonia akatoka nje, mazoea tu, maana hapakuwa na cha kubonyeza. Mama akakaa kwenye kiti chake, akaweka kanga vizuri, akaangalia ile milima kwenye kioo.

"Gene."

"Abee, mama."

"Watu wanasema umechukua sauti ya baba yako. Yeye tumwache apumzike. Wewe hebu nisalimie kama yeye."

Nimesimama na tambara la deki mkononi, maji yananichuruzikia miguuni.

Bado ananitazama.