Neno "Nzuri" Lilipopigwa Marufuku

Kabla mwalimu mpya hajaletwa shuleni kwetu Ibighi, mchoraji wa shule nilikuwa mimi. Ramani za ukutani, moyo wa binadamu, mmea na mizizi yake, vyote ni mkono wangu. Nikimaliza kuchora ubaoni watoto wanasema "Nzuri, mwalimu!" na kupiga makofi, nami nakung'uta chaki mikononi nimeridhika.

Yule dada kutoka Mbeya mjini alilipiga marufuku neno hilo. Kwenye kipindi chake cha sanaa, darasa la tano, hakuna "nzuri" wala "mbaya". Mtoto aseme anaona nini, kisha aseme kwa nini anadhani hivyo. Kuchora kwenyewe hajui. Kuku wake ungedhani birika. Lakini watoto walimganda, na mmoja wao alikuwa binti yangu wa kumzaa. Nikiwa jikoni naambiwa mwalimu wetu kasema hivi, mwalimu wetu kasema vile. Wanasema wivu ni kidonda. Changu kilitunga usaha.

Basi nikachora picha kwenye karatasi ya manila, nikamwaga ufundi wangu wote: mama wa kijiji cha Isongole njiani kando ya shamba la viazi, ndoo kichwani, ametugeuzia mgongo, kanga inapepea. Nikampa mwenzangu huyo mpya, nikamwomba asitaje aliyechora. Halafu nikakaa nyuma ya darasa lake, eti nasahihisha madaftari. Nilitaka mwanangu aisifie mbele ya mwalimu wake huyo.

"Kwa nini mama huyu hatuoneshi uso?" mwalimu akauliza.

Msichana mmoja akasimama. "Amemwona baba mkwe wake. Bibi anasema zamani mkamwana alikuwa haruhusiwi kukutana naye uso kwa uso. Akimwona anageuka."

Darasa zima likaguna kwa kukubali. Mimi huko nyuma nikavimba kichwa, ingawa wakati nachora sikumuwaza mkwe wala nani.

Ndipo binti yangu akanyoosha mkono.

"Mimi naona njiani hakuna mtu mwingine. Nadhani aliyechora hawezi kuchora uso."

Hawakucheka. Afadhali wangecheka. Walisogea, wakaitazama tena picha, wakatikisa vichwa kwamba ndivyo. Na kweli ndivyo, nyuso zimenishinda tangu chuoni. Ramani haina pua. Mwenzangu alinitupia jicho la huruma, na huruma yake nayo iliniudhi.

Mimi na binti yangu tulirudi nyumbani chini ya mwavuli mmoja, mvua inapiga, mimi nimenuna. Tulipokaribia mlangoni nikashindwa kuvumilia, nikamwambia picha ile ilikuwa yangu.

"Nilijua, mama," akasema. "Nilijua tangu ilipobandikwa. Ndiyo maana niliwaacha wengine waseme kwanza, usikie la kukupendeza kabla ya langu."

Nilikunja mwavuli, nikaukung'uta maji. Upole ule hakuutoa kwangu, na nilijua fika nani kamfundisha.