Maua ya Gumbo

Wakati wa kiangazi nilikwenda Gumbo, kwenye soko la mbao la Juba, kununua ubao wa rafu, nikamkuta mheshimiwa mmoja akichagua mbao za sakafu ya sebule yake. Muuzaji, Mganda mwenye penseli sikioni, alizimwagia maji mbao mbili zilizotoka gogo moja. Moja ikaonyesha mistari mitupu iliyonyooka. Nyingine ikawaka maua makubwa kama kitenge.

"Hii ya mistari tulipasua kupitia moyo wa mti," muuzaji akasema. "Inalala tu. Hii ya maua tulipasua pembeni ya moyo. Iko muzuri, mzee, lakini mvua ikikuja, inajikunja."

Mheshimiwa akayapapasa maua kwa vidole viwili.

"Mistari niliiona ya kutosha kwenye madaftari ya shule, huko uhamishoni," akasema. "Vita vimekwisha. Nataka maua."

Mvua ziliposhika nilikwenda kwake kutaka sahihi. Kingo za kila ubao zilikuwa zimeinuka kama mabati ya paa. Mheshimiwa alikuwa amekanyaga ubao mmoja kwa kisigino, ili meza yenye chai yangu isiyumbe, na alitia sahihi bila kuuachia. Kisha simu yake ikalia juu ya kabati. Akainuka, na chai yote ikaenda chini.

Sikucheka. Wengi wetu tuliorudi Juba tumejenga hivyohivyo, kwa kuchagua wakati wa kiangazi, tena kwa macho tu.

Tukasimama tukitazama sakafu. Kila mahali chai ilipopita, maua yaliwaka kama siku ile ya Gumbo.

"Unaona?" mheshimiwa akaniambia.