Siku Kumi na Moja za Ebo Essilfie Baharini

Ebo Essilfie, Mfante wa mji wa bandari wa Sekondi, alivaa sare ya jeshi la majini miaka kumi na saba, na katika miaka hiyo yote alikaa baharini siku kumi na moja. Msicheke. Hakuwa mwoga, wala mawimbi hayakumtapisha. Kosa lake lilikuwa kujua michezo miwili.

Angejua mmoja angepona. Wenzake wa ndondi walipanda meli msimu wao ulipoisha, na wale wa hoki wakapanda wakati wa ndondi. Ebo alikuwa bingwa wa uzito wa kati, tena mshambuliaji aliyelifunga jeshi la nchi kavu miaka sita mfululizo, kwa hiyo akivua glavu anakabidhiwa fimbo ya hoki. Kila alipoomba meli aliambiwa, "Ngoja fainali iishe." Na asiyetimiza miezi ishirini na minne baharini hakuruhusiwa kufanya mtihani wa usajini.

"Waambie goti linauma," mkewe Araba alimwambia siku moja, akimmenyea majani ya kenkey, donge la unga wa mahindi. "Au kosa goli makusudi. Kushindwa nako kunataka shule?"

Hakuweza. Tusifiche, alipenda kushangiliwa.

Mwaka wa kumi na saba akaletewa barua: umri wa mtihani umempita, mkataba hautaongezwa, Desemba atatoka na cheo kile kile alichoanza nacho. Wakati huo vijana aliowafundisha kufunga kamba walishakuwa masajini, nao wakimwamrisha asimame wima. Akaenda ofisini kwa Kamanda Dadson, aliyemwahidi meli mara nne.

"Afande, mmenilia ujana wangu."

"Ebo, ndugu yangu, sheria sikuitunga mimi. Sajini lazima awe baharia, si mchezaji."

"Na nani alinifanya mchezaji?"

Kamanda akajifanya kupanga karatasi. Alipoinua uso alikuwa anatabasamu, hana hata haya.

"Sikiliza. Jumamosi tuna fainali ya hoki na wale wa nchi kavu. Uwanja utajaa, watu wanataka kukuaga. Usituangushe, bwana."

Ebo alikuwa ametoka nyumbani na tusi zito la Kifante, la kumwachia huyu mtu mezani kisha aondoke bila kupiga saluti. Akafungua mdomo.

"Nianze winga ya kulia au ya kushoto, afande?"