Mstari wa Tangi Lililopasuka

Kama kuna kazi inayomchosha mtu na binadamu wenzake mapema, ni ya kupokea matangazo ya kisheria gazetini. Mwanamke tunayemsimulia hapa aliifanya miaka ishirini na miwili, nyuma ya dirisha la kioo lenye tundu la kupitishia karatasi, na katika miaka hiyo alitamka maneno haya mara nyingi kuliko alivyolitaja jina la mumewe: "Siku kumi na nne, ndugu yangu, si kumi na tatu." Watu wakamwita Mama Kumi na Nne. Jina lenyewe halikumkera. Vilivyomkera vilikuwa vingine, na vilikuwa vingi.

Kwanza, kila aliyefika dirishani alitaka kutangaza bila kutangaza. Utaratibu ulikuwa mwepesi: anayetaka kununua kiwanja au nyumba atoe ilani gazetini, mwenye dai ajitokeze kwa wakili, au atoe tahadhari katika gazeti hilo hilo, ndani ya siku kumi na nne, na asipotokea mtu, pesa zitoke. Lakini watu walikuja kununua baragumu huku wakiomba lipulizwe taratibu. Huyu anataka ilani itoke siku ya sikukuu, ambayo gazeti halinunuliwi. Yule anauliza ukurasa upi husomwa na wachache. Mwingine anaomba herufi ndogo kama zile za kwenye karatasi za dawa.

"Na harusi yako ulifunga kwa kunong'ona hivi hivi?" alimuuliza bwana mmoja.

"Mama, hayo mbona hayahusiani?"

"Yanahusiana sana. Mficha uchi hazai."

Bwana yule alinuna, lakini ilani yake ilitoka siku ya kawaida, kwa herufi za kawaida.

Pili, wauzaji walipenda namba tupu. Kiwanja namba fulani, kitalu fulani, basi. Mama Kumi na Nne alijua kwamba hakuna mtu anayejua namba ya kiwanja cha jirani yake, na wengi hata za viwanja vyao hawazijui. Watu wanajua palipo na ukuta wa bluu, au pale palipoanguka mti juu ya choo. Kwa hiyo kila ilani iliyopita mikononi mwake aliiongezea mstari mmoja wa maelezo, jinsi watu wanavyopaita mahali hapo. Mstari ulilipiwa, na kwa sababu ya mstari huo alitukanwa karibu kila siku ya kazi.

Nyumbani nako hakupumua. Mumewe alikuwa fundi wa makochi, mpole, mwenye mikono inayonuka gundi, na mezani alimsikiliza mkewe akilalamika kuhusu dirisha lile kama mtu anavyosikiliza mvua juu ya bati. Magazeti yaliyobaki ofisini mke alimletea kwa mafungu. Hakuyasoma. Aliyatandaza sakafuni, akachora juu yake mikono ya makochi na migongo ya viti, akayakata kuwa vielelezo vya kukatia kitambaa.

"Walau angalia unakata nini," mkewe alimwambia.

"Nakata kochi la mwalimu."

"Unakata mirathi ya watu, baba."

"Basi wenyewe watashona," alijibu, na mkasi ukaendelea.

Mwaka huo mdogo wake Mama Kumi na Nne alistaafu uuguzi. Miaka thelathini ya zamu ilimpa miguu iliyovimba na kiinua mgongo, na kiinua mgongo hicho ndicho kilichokuwa mali yake yote duniani. Hakuwa na mume, wala nyumba, wala mtoto wa kumtegemea. Alitaka kiwanja kimoja, ajenge vyumba viwili, asiwe mpangaji wa mtu tena. Wiki ya tatu baada ya kustaafu alikuja dirishani na muuzaji nyuma yake: bwana nadhifu, kiatu kinang'aa, anatazama saa kila baada ya maneno mawili. Moyoni Mama Kumi na Nne alimwita Bwana Haraka kabla hajajua jina lake.

"Dada, tupitishie fasta," mdogo wake alisema. "Ndogo tu. Wakili ndiye anayeng'ang'ania, vinginevyo hata nisingekuja."

"Ahsante kwa heshima. Kiwanja kiko wapi?"

"Namba ipo hapo kwenye karatasi, mama yangu," Bwana Haraka alijibu kwa sauti ya asali. "Namba inatosha. Serikali yenyewe inatumia namba."

"Serikali haisomi ukurasa wangu. Pana nini pale?"

"Pana udongo, mama."

Mdogo wake alicheka. Mama Kumi na Nne hakucheka. Alimgeukia. "Wewe ulipokwenda kukiona uliona nini?"

"Kuna tangi la saruji limepasuka katikati, nyuma ya shule ya watoto wadogo. Dada, jamani, tangi linahusu nini? Nitalivunja."

"Linahusu mstari mmoja." Akauandika. *Kiwanja chenye tangi la saruji lililopasuka, nyuma ya shule ya watoto wadogo.* Mdogo wake alilipa huku akisonya, akasema hata ndugu wa damu siku hizi wanakamua.  Bwana Haraka alitazama saa.

"Na pesa," dada mtu alisema, "hazitoki hata senti mpaka siku ya kumi na nne ipite. Nipe kitabu chako cha benki."

"Mimi ni mtoto?"

"Mtoto angeshanipa."

Walivutana mbele ya foleni nzima, mmoja ndani ya kioo, mwingine nje, hadi kitabu kilipopita kwenye lile tundu na kufungiwa katika droo. Najua wapo watakaosema alizidisha. Mtu mzima aachwe na mali yake. Lakini wanaosema hivyo ndio hao hao ninaowaona baadaye kwenye mabenchi ya mahakama, wakijipepea kwa faili, wakimlaani kila mtu isipokuwa haraka yao wenyewe.

Ilani ilitoka. Siku ya tano Bwana Haraka alimpigia muuguzi simu, akamwambia kuna mnunuzi mwingine anayesubiri na pesa taslimu. Siku ya tisa akasema huyo mwingine ameanza kupima msingi. Kila alipopiga, muuguzi alimpigia dada yake, na dada akajibu kwa tarakimu: "Bado tisa." "Bado tano." Siku ya kumi na moja muuguzi alikata simu bila kuaga.

Siku ya kumi na mbili, jioni, Mama Kumi na Nne alirudi nyumbani akakuta kitu ambacho hakikuwahi kutokea. Gazeti lilikuwa limetandazwa sakafuni, mkono wa kochi umechorwa kwa chaki, na mkasi umelazwa katikati ya mkato, mdomo wazi. Mumewe ameketi kwenye kochi lisilo na kitambaa, juu ya springi tupu.

"Unaumwa?"

"Hapana."

"Mbona hujamaliza?"

"Nitamaliza kesho," alisema, na chakula akakisukumasukuma kwenye sahani mpaka kikapoa. Mkewe alidhani ni mgongo. Alimpaka dawa, naye akakubali kupakwa, jambo ambalo nalo lilikuwa la ajabu.

Kesho yake, saa nne asubuhi, mdogo wake aliingia ofisini kama askari wa kodi. Bwana Haraka alibaki mlangoni, akitazama saa.

"Kitabu changu."

"Leo ni ya kumi na tatu."

"Siku moja ina nini, dada? Siku moja! Watu wanahama nchi kwa siku moja! Yule mtu anauza leo, ukininyima nitapanga nyumba za watu mpaka nife, na kosa litakuwa lako."

"Si kumi na tatu, mdogo wangu."

"Nitakuitia polisi."

"Waite. Wakifika, waambie wapange foleni."

Watu kwenye foleni walianza kuchagua upande. Mama mmoja alisema mpe mwenzio chake. Kijana mwenye pikipiki akasema subirini, hii tamu. Ndipo Mama Kumi na Nne alipoona, nyuma ya mabega ya kijana yule, shati jeupe alilolipiga pasi yeye mwenyewe kwa ajili ya harusi ya mpwa wao. Ndani ya shati alikuwamo mumewe, ameshika bahasha ya plastiki kwa mikono miwili.

Kabla hajafungua kinywa, aliona jambo la pili. Bwana Haraka naye alikuwa amemwona fundi wa makochi. Mara hii hakutazama saa. Aligeuka, akatoka kwa hatua ndefu, na kwa mara ya kwanza haraka yake ilikuwa na sababu ya kweli.

"Shemeji?" muuguzi alishangaa. "Unamjua yule?"

Fundi alisogea dirishani. Foleni ilimpisha, maana hakuna foleni isiyompisha mtu mwenye uso ule.

"Nataka kutoa tahadhari," alisema. "Kiwanja chenye tangi lililopasuka. Ni changu. Nilikinunua kwake miaka minne iliyopita."



"Kwa ilani ipi?" mkewe aliuliza taratibu.

"Bila ilani. Aliniandikia karatasi, wakasaini mashahidi wawili." Aliinamisha kichwa karibu na tundu. "Rafiki zake. Hata namba haina. Jana nisingeona lile neno tangi, ningelikata."

"Kwa nini hukutangaza?"

"Ningetangaza ungejua. Nilitaka kukushangaza ukistaafu."

Mama Kumi na Nne alivua miwani. Miaka ishirini na miwili alikuwa ametwanga maji kwenye kinu, tena ndani ya nyumba yake mwenyewe. Wageni wa dirishani walimkera. Huyu alimkosesha hata neno la kukereka nalo. Mganga hajigangi, wanasema watu, lakini huyu mganga alikuwa na dawa sakafuni kila siku, na mgonjwa wake aliikata vipande vya makochi.

"Mke wangu, si tungezungumza nyumbani?"

"Nyumbani tulikuwa na miaka minne ya kuzungumza. Hapa ni dirishani. Jina la mtoa tangazo?"

"Unalijua."

"Kama lilivyo kwenye kitambulisho. Kilete."

Alikileta. Mkewe akaandika, herufi kwa herufi, mgongo wake umenyooka. Kesi ingekuja, na karatasi isiyo na namba ni silaha butu. Huenda pesa za mume zilikuwa zimekwenda na maji. Za mdogo wake zilikuwa bado benki.

"Nimechelewa?" mumewe aliuliza.

"Leo ni ya kumi na tatu."

"Na tangi," akasema kwa woga, "naweza kuliandika?"

"Litaongeza mstari."

Muuguzi, ambaye muda wote huo alikuwa ameegemea ukuta na mkono kifuani, alifungua pochi yake. "Mstari huo nalipa mimi," alisema. Kisha, bila kumtazama dada yake: "Na kile kitabu kikae huko huko kwenye droo."

 Mama Kumi na Nne alikata risiti mbili, ya tangazo la mumewe na ya mstari, akazipiga muhuri, akazipitisha kwenye tundu.

"Litatoka lini?" mumewe aliuliza. "Maana nilikuwa nafikiri, ile siku ya sikukuu..."

"Baba watoto," alisema, "mpishe aliye nyuma yako."