Waya wa Mwalimu wa Kwaya

Kuna watu hapa mtaani Lindi ambao mpaka leo wakiniona napita wanaweka mikono kichwani na kuigiza nduru za matanga, halafu wanacheka hadi wanashikana mabega, nami nacheka nao kwa sababu nitafanya nini jamani, aibu niliyojipatia mbele ya kanisa zima siwezi kumsingizia mtu. Niliipika mwenyewe, nikajipakulia, nikala watu wakiniangalia.

Mimi natengeneza simu na kompyuta kwenye kibanda changu (natengeneza ni neno kubwa, zingine zinapona, zingine naziombea). Basi mwaka ulikuwa umetimia tangu tumzike Mwalimu Japheth, fundi wa vitanda kwa kazi na mwalimu wa kwaya yetu kwa moyo, na mkewe, Mama Risper, alikuwa anaandaa makumbusho. Kwetu watu wa mkoa wa Magharibi makumbusho hayaachwi hivi hivi: mwaka ukiisha watu wanakusanyika, wanamwimbia marehemu, wanakula, na wenye nyumba wanaanza kupumua. Sasa nyimbo zote za Mwalimu zilikuwa kwenye diski moja ya nje, ile ya kuchomeka kwenye kompyuta, kwa maana alikuwa na mazoea ya kujirekodi video nyumbani akiimba sauti moja moja ili kwaya ijifunze. Kompyuta yake iliungua siku stima ilipopotea na kurudi kwa kishindo, kwa hivyo tangu azikwe, Mama Risper alikuwa hajaisikia sauti ya mumewe hata mara moja. Aliniletea diski ile Ijumaa, ameifunga kwa leso.

"Wycliffe," akaniambia, "mimi nataka tu nimsikie. Hata kama ni wimbo mmoja."

"Mama, hiyo ni kazi ya dakika mbili," nikamjibu, tena bila hata kuinua macho.

Ndani ya leso kulikuwa na waya wa diski, na waya wenyewe ulikuwa unatia huruma. Upande wa kompyuta ulikuwa na vichwa viwili badala ya kimoja, na shingoni ulikuwa umezungushiwa kipande cha mpira wa baiskeli. Nikauona nikaona haya kwa niaba ya marehemu. Yaani projekta imekodishwa, kwaya ya Kawangware inakuja na majoho yao mapya meupe, halafu mimi nisimame mbele na kitu kama hicho mkononi? Nilikuwa na waya wangu mpya, mweupe, wa kichwa kimoja kama nyaya za watu wenye akili, na ulitoshea pale kwenye diski vizuri kabisa, nikajiambia hicho kichwa cha pili ni mapambo tu. Ule wa zamani nikautupa kwenye gunia la nyaya mbovu ambalo Mzee Ouma, mzee wa vyuma, hupitia kila Jumamosi, anakwenda kuzichoma apate shaba.

Na kujaribu diski kwanza? Sikujaribu. Jumamosi yote nilikuwa Soko la Toi natafuta tai.

Jumapili, siku yenyewe ya makumbusho, kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama dirishani. Pasta akaniita kwa heshima zote, "fundi wetu," akanikabidhi maikrofoni, nikaunganisha kompyuta kwenye projekta, na kitu cha kwanza kilichotokea ukutani ni picha yangu nimeegemea gari la mtu kule Ayany, nimevaa miwani ya jua. Watu wakacheka kidogo. Nikachomeka diski. Taa ikawaka, diski ikalia tik, tik, tik, ikazima. Kwenye kompyuta hakuna kitu, ni kama sijachomeka chochote. Nikahamisha tundu, tik tik, ikazima. Nikaamua kuzima kompyuta na kuiwasha upya (ushauri tunaompa kila mtu), nayo ikaona hiyo ndiyo saa nzuri ya kujisasisha, ukuta mzima ukaandika asilimia kumi na mbili. Pasta akaanzisha wimbo. Wimbo ukaisha, asilimia kumi na nne. Akaanzisha mwingine, tukauimba na beti ambazo hatuziimbagi. Ilipomaliza nikachomeka tena, tik tik, nikaazima kompyuta ya katibu wa kanisa, tik tik, na tai yangu mpya sasa ilikuwa imelowa jasho.

Hapo ndipo mtu mwenye busara angesema, "Nisaidieni, sijui shida ni nini." Mimi nikashika maikrofoni nikasema kwa sauti ya daktari, "Wapendwa, diski imeharibika kabisa. Kila kitu kilichokuwa ndani kimeenda. Hakuna mtu anaweza kukirudisha."

Senje Loice, dada yake Mwalimu, akasimama, akaweka mikono kichwani na kupiga nduru. "Japheth wee! Umeenda tena!" Kina mama wengine wakamdaka, sauti ikapanda hadi mabati yakatetemeka, na majirani waliokuwa wakifua nguo zao nje wakaja mbio wakidhani kuna msiba. Mmoja aliingia na povu la sabuni hadi kwenye viwiko akiuliza, "Nani tena? Ni nani?" Pasta, maskini, asijue la kufanya, akanyoosha mkono juu ya ile diski na kuanza kuiombea. Nami nilikuwa nimesimama katikati, mtu mzima mwenye suti, ambaye amemzika Mwalimu Japheth mara ya pili.

Mama Risper hakulia. Alitembea polepole hadi mbele, akaichukua diski, akaushika ule waya mweupe, akaugeuza.

"Hii si waya yake."

"Ni mpya, mama. Ni mzuri kuliko ule."

"Ile yake ilikuwa inaingia mashimo mawili. Aliniambia hii diski ni mzee, shimo moja haiwezi kuipa nguvu ya kuamka. Mimi ndio nilikuwa nachomeka, yeye ashakaa na gitaa." Akaniangalia. "Iko wapi?"

Pale pale nilielewa kila kitu, ile tik tik ilikuwa ni diski inajaribu kuinuka na nguvu hazitoshi, na kichwa cha pili kilikuwa cha kuiongezea moto, jambo ambalo fundi yeyote halisi angelijua. Nikajibu kwa sauti ya chini, nikasahau kwamba maikrofoni bado iko mdomoni, "Nimeutupa." Spika zote mbili zikalitangaza. "Umechukuliwa na Mzee Ouma."

"Ouma wa kuchoma?" akauliza Senje Loice, na nduru ikakatika kama redio iliyozimwa.

Sikumbuki nilivyotoka. Nakumbuka nakimbia vichochoroni, nyuma yangu Mama Risper ameshika viatu mkononi, nyuma yake kwaya yetu kwa majoho ya bluu, nyuma yao Kawangware kwa majoho meupe, na wanaume waliokuwa wamekaa nje ya vibanda wakasimama na kuvua kofia wakidhani ni maandamano ya kidini.

Mzee Ouma alikuwa mbele ya nyumba yake anamaliza chai, rundo la nyaya liko chini, kiberiti kiko juu ya rundo.

"Kanisa limehamia kwangu?" akasema.

"Mzee, kuna waya nilitupa, si takataka, tafadhali usiwashe."

"Wewe ndio uliniambia nipeleke zote." Lakini aliniona uso, akachukua kiberiti akakitia mfukoni. "Haya. Tafuteni."

Nikapiga magoti, na kabla sijageuka watu wote walikuwa wamepiga magoti pia, bluu na nyeupe pamoja, mle vumbini, wakichambua nyaya kama wanawake wanaochambua maharagwe. Hakuna aliyenitukana. Hiyo ndiyo iliyoniuma, afadhali wangenitukana.

Aliyeupata ni Mama Risper. "Hii mpira nilikata mimi," akasema, akiupapasa. "Ni ya baiskeli yake." Akauweka kifuani na kufumba macho kidogo. Nilitaka kuomba msamaha, lakini kabla sijaanza akainama akanipangusa vumbi magotini kwa kiganja kana kwamba mimi ni mwanawe wa kuzaa, akasema, "Twende, baba. Watu wana njaa."

Safari hii alichomeka yeye mwenyewe, kichwa kimoja, halafu cha pili. Taa ikawaka, ikabaki inawaka. Nikafungua video ya kwanza niliyoiona, na Mwalimu akatokea ukutani ameketi kwenye kitanda ambacho hakijapigwa vanishi, gitaa mapajani, mvua inasikika juu ya mabati. Akaanza kuimba. Aliimba ubeti wa kwanza, na katikati ya wa pili akaacha, akageuza uso kando na kusema, "Mama Risper, hebu funga mlango, mvua inaingia."

Pale benchi la mbele Mama Risper akainuka nusu, akajibu kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nimefunga, Baba Risper."

Hakuna aliyecheka. Ukutani Mwalimu akatikisa kichwa, akarudi kwenye wimbo wake, na mama akaketi, mikono mapajani, akimsikiliza. Mimi nilitoka nje nikalia nyuma ya choo cha kanisa, tena kwa sauti.

Zile video nimeshazinakili mahali patano, na Mama Risper anazo kwenye simu. Lakini nimeapa: mtu akiniletea kitu cha marehemu kimekataa kuwaka, sikigusi. Namvutia kiti kwanza, nampa chai, namwambia anisimulie mwenyewe alikuwa anakiwashaje, na simkatizi hadi amalize, hata akichukua mchana kutwa.